Fundi Kimoja-Kimoja na Nchi Tulizozifunga

Asubuhi zilipoingia oda mia moja na arobaini za kamba za viatu, tena kabla hata ya chai ya saa nne, mume wangu alivua miwani, akaifuta kwa pindo la shati, akaivaa tena, akasema, "Mke wangu, dunia nzima imekatikiwa kamba."

Na mimi, mwanamke mwenye akili zangu timamu, badala ya kumwuliza tangu lini dunia ikakatikiwa kamba siku moja, nikakimbilia mkasi. Tulikaa sakafuni, yeye anapima, mimi nakata, tunacheka kama watu waliookota pesa. Kufikia adhuhuri sebule yote ilikuwa kamba: nyeusi juu ya kochi, za kahawia mezani, nyeupe zimemzunguka paka. Nikamwambia, "Baba, wale wanaolala maskini wakaamka matajiri ndio sisi hawa." Kauli hiyo nitakuja kuijutia, lakini subiri kwanza umjue mtu mwenyewe.

Mume wangu ni fundi viatu, na mtaa mzima unamwita Kimoja-Kimoja. Mafundi wengine hutengeneza jozi. Yeye hutengeneza kiatu kimoja, akakimaliza mpaka kung'aa, akakiweka pembeni, ndipo aanze cha pili kana kwamba cha kwanza hakijawahi kuwepo. Kila mguu anaupima peke yake. Ukimwambia, "Fundi, mimi navaa arobaini na moja," atakuuliza, "Upi?" Ukishangaa, atakwambia Mungu aliumba miguu miwili na hakutumia rula. Chumba chetu cha mbele ndiyo karakana yake. Kinanuka gundi na ngozi, na ukutani zimening'inia kalibu za mbao alizochonga kwa miguu ya wateja wake, mbili mbili, na hakuna mbili zinazolingana. Watu wake ni wale ambao madukani hawana chao: huyu mguu mmoja mrefu, yule mmoja umevimba miaka kumi, mwingine anahitaji soli ya upande mmoja inyanyuliwe vidole vitatu ndipo asichechemee.

Na mmoja wao ni mimi. Nilipokuwa mtoto niliugua, mguu wa kulia ukadumaa. Wa kushoto unavaa thelathini na tisa, wa kulia thelathini na sita. Kwa hiyo tangu usichana wangu nilikuwa nanunua jozi mbili za kiatu hichohicho, navaa kimoja cha hii na kimoja cha ile. Nilijua dukani nitaonekana mwendawazimu, basi nilikuwa nasema nyingine ni ya dada yangu. Dada mwenyewe sina!

Siku moja kisigino kilibanduka, nikampelekea fundi aliyekuwa amekaa kwenye kigoda karibu na ofisi niliyokuwa napiga chapa. Kijana mwembamba, masikio makubwa. Akavigeuza viatu, akasoma namba chini, hiki na hiki. Watu wote duniani walikuwa wameangalia mguu wangu, hakuna aliyewahi kuangalia viatu. Akaniuliza, "Vile vinavyobaki, unaviweka wapi?"

Loo! Nilimwakia. "Vinakuhusu nini wewe? Gundisha kisigino changu!" Nikaondoka na hasira zangu. Lakini usiku mzima swali linanizunguka kichwani. Kesho yake nikarudi, nikasimama mbele yake, nikasema, "Kwenye gunia. Chini ya kitanda. Vipya vyote, na sijui kwa nini sivitupi." Hakucheka. Hakuniambia pole, maana pole nilikuwa nimezishiba. Akasema tu, "Usivitupe, ngozi nzuri haitupwi," kisha akaniomba niweke mguu kwenye karatasi. Hivyo ndivyo nilivyopata mume. Nilihamia kwake na sanduku moja na gunia moja, na mama mkwe aliuliza kwa miaka miwili hilo gunia lina nini.

Sasa tatizo la kazi yake ni hili: mji mmoja hauna miguu ya kutosha. Watu kama mimi tupo, lakini tumetawanyika, mmoja hapa, mwingine kule, na kila mmoja anadhani yuko peke yake. Siku za nyuma fundi aliishi kwa kugundisha visigino vya wenye bahati, hadi viatu vya bei chee vya kiwandani vilipojaa na watu wakaacha kugundisha, wakawa wanatupa. Mwaka huo alikaa kwenye kigoda chake wiki nzima bila mteja. Alikuwa akirudi nyumbani ananiambia biashara iko sawa, na mimi naona mikono yake haina gundi.

Aliyetuokoa ni binti yetu, ambaye kazi yake ni kutengeneza maduka ya mtandaoni ya watu wengine. Alitufungulia letu. Baba yake alikataa fomu ya kwanza kwa sababu ilikuwa na nafasi moja ya saizi. "Weka mbili," akasema, "mguu si mmoja." Basi mteja anaandika kushoto ngapi, kulia ngapi, anapiga picha michoro ya nyayo zake, analipa kwa kadi. Pembeni tukaweka na vitu vidogo: rangi ya viatu, brashi, kamba. Mimi nilipiga chapa ofisini miaka ishirini na sita, vitufe navijua kwa majina, kwa hiyo kompyuta ikawa yangu. Ndani ya mwaka miguu ikaanza kuja kutoka kila pembe. Fundi aliacha kigoda. Mikono ikarudi kuwa na gundi.

Haya, turudi kwenye kamba.

Binti yetu alikuja saa tisa na kukuta sebule imegeuka kiota. Hakuvua hata mkoba. Akaketi kwenye kompyuta, akashusha oda moja moja, na nikaona mabega yake yanashuka. "Mama, hawa si wateja. Mtu ameiba namba za kadi za watu, hajui zipi bado zinafanya kazi. Anatafuta duka dogo lenye kitu cha bei ndogo, anazijaribu hapo moja baada ya nyingine. Ikikubali, anaenda kununulia vitu vikubwa kwingine."

"Kwa hiyo kamba hawazitaki?" akauliza baba yake.

"Hawazitaki, Baba."

"Hata moja?"

Masikini mume wangu! Wizi haukumuuma kama hilo. Alikuwa amezifunga vizuri, kila moja na karatasi yake.

Wenye kadi zao walilalamika benki, kama ilivyo haki yao, na fedha zikarudishwa. Juu ya hapo kulikuwa na dai jingine la namna hiyo la mwezi uliopita, juu ya oda ya bwana mmoja aliyeagiza jozi tatu za ngozi bora, kushoto arobaini na tatu, kulia arobaini na tatu. Fundi alimsifu sana huyo mtu wakati anamshonea. "Miguu inalingana kama sahani!" Kumbe miguu yenyewe haikuwepo. Wiki ile ikaja barua pepe kutoka kampuni inayotupokelea malipo ya kadi. Adabu nyingi, maana moja: likija dai jingine moja tu ndani ya siku tisini, tunawafungia.

Nilimsomea fundi mara mbili. Alikwenda kibarazani, akakitoa kigoda chake cha zamani nyuma ya mapipa, akakipangusa vumbi. Nilitamani kukivunja kile kigoda.

Binti akatuonyesha la kufanya. Oda zote za wizi zilitoka nchi nyingine, nyingi ambako hatujawahi kuuza hata soli. Ndani ya mtambo wa duka kuna orodha ya nchi zote. Ukiweka alama kwenye nchi, mtu wa huko akija anakuta mlango umefungwa. "Mama, funga zile tusizouza. Taratibu. Usifunge zote," akasisitiza, kisha akaenda kazini kwake.

Taratibu! Mimi? Nilianza na herufi A. Nilipofika ya tano damu ikapanda, nikaona zile kamba, nikaona kigoda, nikaona kitufe kimeandikwa "Chagua zote". Nikakibofya kama napiga mtu kofi. "Na wewe! Na wewe! Na jirani yako!" Fundi alichungulia kutoka karakana. "Unagombana na nani?" "Na dunia," nikamjibu. Nikahifadhi, nikafunga kompyuta, nikapika, na niliimba wakati napika.

Ikawa kimya. Siku ya kwanza tukasema amani imerejea. Siku ya pili fundi akasema, "Amani hii imezidi." Siku ya tatu jirani yetu mshona mapazia akabisha hodi, simu mkononi, uso umekunjamana. "Mama, nilikuwa namwonyesha shemeji yangu duka lenu. Linaniambia eti nchi yangu hairuhusiwi. Kwani nyinyi mmehama, au sisi ndio tumehamishwa?"

Nilihisi joto mpaka masikioni. Nilikuwa nimefunga dunia nzima, na nyumba yangu ikiwemo! Hasira hasara, wahenga hawakukosea. Fundi alicheka hadi akakaa chini, akashika mbavu, akasema, "Mke wangu, wezi wote wamekosa, na wateja wote wamekosa. Hiyo ndiyo haki." Jirani naye akaambukizwa, wakawa wanacheka wawili, na mimi nimesimama na mwiko wangu. Mwishowe ningefanyaje? Nikacheka. Nikaifungulia nchi yetu, na nyingine zote nikaziacha vilevile. Nusu ya miguu yetu iko nje, nilijua. Lakini bora nusu kuliko kigoda.

Siku iliyofuata simu ya dukani ikalia. Namba ndefu, ya mbali. Sauti ya msichana, Kiswahili chake cha kujifunza kwa bibi, kimepindapinda lakini kinasimama.

"Shikamoo, mama. Samahani. Wiki iliyopita nilikuwa naangalia viatu vyenu, nikaandika namba hii, leo duka linanikataa. Ninaolewa baada ya wiki tano. Nataka viatu vya kuchezea muziki. Nina haraka sana."

Niliweka kipaza sauti ili binti yetu, aliyekuwa amepita kutusalimia, asikie. Binti alitikisa kichwa hata kabla msichana hajamaliza. Akaninong'oneza, "Harusi, haraka, na yuko nje. Mama, matapeli wote wana harusi." Akatazama kwenye orodha. "Na kamba ishirini na tatu zilitoka nchi hiyohiyo."

Aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Nikasema kwa sauti yangu ya ofisini, "Binti, tumefunga oda za nje. Tunakutakia heri." Kidole kilikuwa tayari juu ya kitufe.

"Nipe," akasema fundi.

"Mume wangu, likija dai moja tu..."

"Najua. Barua umenisomea mara mbili. Nipe niongee naye."

Akachukua simu kwa mikono miwili, kama anavyochukua kiatu cha mtu. Akamsalimu, akamwuliza saizi. Msichana akazitaja. Mimi hata sikuzisikia, nilikuwa namwangalia binti yetu na yeye ananiangalia, sote tunawaza jambo moja: saizi hata mwizi anaweza kubuni mbili tofauti. Kisha fundi akauliza, polepole, "Na vile vinavyobaki, mwanangu, unaviweka wapi?"

Nikadhani simu imekatika. Halafu tukasikia mtu anavuta pumzi.

"Kwenye begi," akasema msichana. "Chini ya kitanda. Sijawahi kumwambia mtu. Ni vipya vyote. Mchumba wangu anauliza kuna nini mle, nasema vitabu."

Siwezi kusema nililia. Mimi nilisema dada, yeye amesema vitabu! Nikampokonya fundi simu, nikasema, "Chora miguu yako leo hii, penseli wima, usiilaze. Na usithubutu kulitupa hilo begi!"

Binti yetu alikuwa ameinua mikono. "Swali hilo tapeli hajui hata kwamba lipo," akasema. Lakini kadi ni kadi, na kumfungulia msichana nchi yake ni kuwafungulia na wezi wa huko. Tukapatana na msichana tumfungulie nusu saa tu. Saa kumi kamili nikaondoa alama kwenye nchi moja tu, na tukakaa watatu mbele ya kompyuta kama walinzi wa geti. Dakika ya tisa ikaingia oda. Kamba! Fundi akaruka. Binti akaifuta kabla haijapita, akasema mwizi naye anatuchungulia. Dakika ya kumi na nne ikaingia nyingine: viatu vya ngozi nyeupe, kisigino kifupi, vya kuchezea. Nikaifunga ile nchi kwa nguvu, meza ikatikisika.

Michoro ilipofika, fundi aliitazama muda mrefu. Akaenda ukutani, akashusha kalibu zangu mimi, akaziweka juu ya karatasi. Akazibadilisha upande. Akaniita. "Njoo uone. Kushoto thelathini na sita, kulia thelathini na tisa. Ni miguu yako, imegeuzwa tu."

Nilisimama pale na sikuelewa kwa haraka, kisha nikaelewa. Nilikwenda chumbani, nikapiga magoti, nikalivuta lile gunia. Miaka zaidi ya thelathini, na vyote vilivyobaki: kushoto thelathini na sita, kulia thelathini na tisa. Kulikuwa na vyekundu vya siku nilipopata kazi. Kulikuwa na vya buluu vyenye kifungo, ambavyo wenzao nilivivaa siku naolewa. Havijawahi kukanyaga chini.

Fundi alishona vya harusi kwa siku kumi na moja, kimoja, halafu kimoja. Alipovimaliza tukavipaka vile vyote vya gunia rangi, tukabadilisha gundi iliyozeeka, na kamba tukaweka mpya, maana kamba tulikuwa nazo! Mzigo ukaondoka: jozi moja ya kulipiwa, jozi kumi na tatu za bure. Binti yetu alishika kichwa. "Kama ni mwizi, Mama, atakuwa mwizi mwenye furaha kuliko wote."

Baada ya hapo tukaanza kuhesabu siku. Kila asubuhi nilifungua barua pepe kwa jicho moja. Wiki mbili. Ikapita wiki ya harusi, hakuna neno. Wiki ya nane fundi alikuwa hagusi tena habari hiyo, ila kigoda kilikuwa bado kibarazani. Mimi nikaanza kumtetea msichana kwa sauti, peke yangu, jikoni. Mtu akishaanza kumtetea mtu jikoni, ujue imani inapungua.

Siku ya tisini na moja tangu lile onyo ikaja barua pepe ya ile kampuni. Niliita kila mtu. Nikaifungua. Hakuna dai lililoingia, tumeondolewa kwenye uangalizi, wanatushukuru. Nilipiga kigelegele mpaka mshona mapazia akaja mbio na sindano mdomoni.

Na siku iliyofuata, kana kwamba walikuwa wamepatana, kijana wa mizigo akashusha begi. Begi kubwa la kijivu, limefungwa kwa kamba ya viatu. Juu yake picha: msichana katikati ya ukumbi, gauni limekunjwa hadi magotini, miguu miwili iko hewani. Nyuma ya picha kaandika kwa herufi za mtoto, herufi za mtu ambaye Kiswahili amekisema tu, hajawahi kukiandika: "Wenzangu wote walivua viatu. Mimi nilivua alfajiri. Samahani kuchelewa, nilikuwa nampenda mume wangu. Hivi ni vitabu vyangu, mama. Sasa ni vyako."

Jozi tisa. Kushoto thelathini na tisa, kulia thelathini na sita.

Siku hizi duka letu bado limefunga nchi nyingi, na sioni haya. Lakini pale mlangoni binti yetu ameweka maneno: ukikuta pamefungwa, piga simu, fundi atakuuliza swali moja. Wanapiga. Wezi hukata simu. Wengine hunyamaza kwanza, halafu wanasema kabatini, stoo, kwa mama, kwenye buti la gari, na mimi naandika kila mguu upande wake ili nione nani amegeuzana na nani. Mpaka sasa nimeoanisha watu sita ambao hawajawahi kuonana.

Jana nilivaa vya kijani vya yule msichana, vya kisigino kirefu, nikatembea sebuleni toka mlangoni hadi dirishani. Fundi akapiga magoti, akabonyeza kidole gumba mbele ya kidole changu. "Cha kushoto kinabana kidogo."

"Kiache kibane."

Akaanza kukifungua hata hivyo. Halafu, bila kuinua kichwa, akauliza lile swali lake, kama alivyoniuliza nikiwa na miaka ishirini na miwili na hasira tele. "Na gunia liko wapi?"

"Jikoni," nikamwambia. "Nimelitilia vitunguu."